Wakili mhamiaji aliyekuwa balozi
Umeuliza kama yupo mhamiaji aliyeanzia uwakili akafika ubalozini. Yupo: Oscar Straus. Alizaliwa Otterberg, Ujerumani, mwaka 1850, akaletwa Marekani angali mtoto mdogo, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Columbia. Uwakili hakudumu nao. Mwaka 1887 alitumwa Istanbul, mji mkuu wa Dola ya Osmani, kuiwakilisha Marekani, na baadaye akarudishwa mara mbili.

Mimi hunigusa zaidi safari ya pili. Alimwendea Sultani Abdulhamid II, mtawala wa dola hiyo, akamwomba, kama khalifa, awashauri Waislamu wa Sulu kule Ufilipino wasipigane na Wamarekani. Myahudi mbele ya khalifa, na akasikilizwa!

Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt akampa wizara iliyosimamia uhamiaji. Basi rufaa za waliozuiwa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, zikawa zinafika mezani kwake, yeye aliyewahi kushuka melini akiwa mtoto.