Treni hadi mlangoni pa KIA?

SWALI: Shikamoo mzee. Nafanya kazi jikoni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, zamu ya usiku. Reli ya kwenda Arusha inapita huku huku Hai, lakini mimi kila siku nashuka Coaster njia panda, kisha bodaboda mpaka uwanjani. Kwa nini wasichepushe tawi moja la reli likafika mlangoni? (Msomaji, Boma Ng'ombe)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nimetumikia reli hadi nikastaafu, na kutandika mataruma kwenye tambarare ile hakuwezi kumtoa jasho mhandisi. Ila asiingie kichwa kichwa. Njia ya kurukia ya KIA imelala mashariki-magharibi: ncha moja inatazama Moshi, nyingine Arusha, pande zile zile reli inakotoka. Mbele ya kila ncha anga lazima liwe wazi. Kanuni za kimataifa hukuruhusu kuongeza mita 1 ya kimo cha unachosimamisha kwa kila mita 50 unazosogea mbali na ncha. Karibu na ncha hizo, nguzo za treni ya umeme haziruhusiki. Basi reli iingie ubavuni, na stesheni ikae hatua chache tu na ukumbi wa abiria. Mwenye masanduku mawili akiambiwa kuna basi la kumsogeza, huyoo, kwenye teksi.

Kazi ipo kwenye ratiba. Treni ya Dar ilirudi Moshi 2019 na Arusha 2020, nayo hupita siku chache kwa wiki. Zamu zenu ni za kila siku, na ndege ya Amsterdam hutua usiku. Ukiizungusha treni hiyo uwanjani, utamchelewesha abiria wa Same na wewe bado utapanda bodaboda. Watu hupenda kunitajia Gatwick, Uingereza, ambako uwanja mpya ulifunguliwa 1958 ukiwa na stesheni yake. Sawa, lakini reli ya London–Brighton ilikuwa na treni kutwa kucha tayari. Uwanja ndio uliozifuata.

Halafu kuna nauli. Toronto walianza treni ya uwanja wa ndege 2015 kwa dola 27.50 za Kanada, watu wakaisusa. Mwaka uliofuata wakaishusha hadi 12, mabehewa yakapata watu. Kwetu watalii wengi hupokewa na magari ya kampuni zao, wakaishia. Mteja wa kudumu ni nyinyi wa zamu, na mfuko wenu ni wa nauli ya Coaster. Atakayepiga hesabu kwa dola za mtalii atajenga stesheni nzuri ya kupigia picha.

Ningekuwa na kauli, ningeanza na treni fupi ya mabehewa mawili kati ya Moshi na Arusha, asubuhi hadi usiku, na vigingi vya tawi la KIA vipigwe sasa kabla ardhi ya njiani haijauzwa. Kwa mwezi huu, nyie wa jikoni, usafi na mizigo andikeni barua moja kwa waajiri wenu: basi dogo la njia panda, lifuate saa za zamu.