Pragmatik ya Kijerumani chuoni: kariri kidogo, pima sentensi

Mkuu, umeuliza kwa nini fasili za wanafalsafa wa lugha Austin, Searle na Grice unazo zote kichwani, lakini ukipewa sentensi za kuchambua alama zinapotea. Ni kwa sababu kila dhana ya Pragmatik (tawi la isimu linalochunguza maana katika matumizi) ina kipimo chake, na msahihishaji anataka kukiona kipimo hicho kwenye karatasi. Fasili peke yake haimwambii kitu.

Anza na panapochanganya wengi: Präsupposition (jambo ambalo sentensi inalichukulia kuwa kweli tayari) na Implikatur (dokezo lisilotamkwa wazi). Chukua "Peter hat aufgehört zu rauchen" (Peter ameacha kuvuta sigara). Ikanushe: "Peter hat nicht aufgehört zu rauchen". Ifanye swali: "Hat Peter aufgehört zu rauchen?" Zote tatu zinachukulia kwamba Peter alikuwa anavuta. Kinachosalia baada ya kukanusha na kuuliza ndicho Präsupposition, na lazima utaje kilichoileta, hapa ni kitenzi "aufhören". Vichocheo vingine vya kuwa navyo mkononi ni "wissen" (kujua), "bedauern" (kujutia) na "wieder" (tena).

Implikatur inapimwa kwa kuifuta. "Einige Studenten haben bestanden" (baadhi ya wanafunzi wamefaulu) inadokeza kwamba si wote waliofaulu. Ongeza "genauer gesagt sogar alle" (kwa usahihi zaidi, hata wote): hakuna mgongano, dokezo limeondoka. Kisha eleza limetoka wapi: ni kanuni ya Quantität ya Grice (toa taarifa ya kutosha), maana msemaji anayejua kuwa wote wamefaulu angesema "alle". Ukiacha hatua hii umejibu nusu. Maana ya lazima ya sentensi, kwa upande wake, haifutiki kabisa: "Anna hat drei Katzen, aber sie hat keine Katze" (Anna ana paka watatu, lakini hana paka) inajipinga yenyewe.

Mtego upo hapa. "Peter hat nicht aufgehört zu rauchen, er hat nie geraucht" (Peter hajaacha kuvuta, hakuwahi kuvuta) inakubalika, na wengi hukimbilia kuandika kwamba basi ile ilikuwa Implikatur. Sivyo. Imefutika kwa sababu iko ndani ya ukanushi. Jaribu na sentensi yakinishi, "Peter hat aufgehört zu rauchen, er hat nie geraucht", uone inavyogoma.

Kwenye Sprechakte (matendo ya usemi), andika mambo matatu mbalimbali: umbo la sentensi, tendo la juujuu, tendo lililokusudiwa. "Können Sie mir das Salz reichen?" (Unaweza kunipitishia chumvi?) kwa umbo ni Interrogativsatz (sentensi ya swali), juujuu ni swali, lililokusudiwa ni ombi. Kwa Searle, ombi ndilo tendo la msingi (primär) na swali ni la pili (sekundär). Watu hugeuza kwa vile swali ndilo linaloonekana kwanza. Kipimo cha "hiermit" (kwa hili) kinasaidia: "Hiermit erkläre ich die Sitzung für eröffnet" (kwa hili natangaza kikao kimefunguliwa) inapita, "Hiermit überrede ich Sie" (kwa hili nakushawishi) haipiti, kwa kuwa kushawishika ni jambo la msikilizaji, yaani Perlokution (athari ya usemi kwa msikilizaji). Ila usikiamini kupita kiasi. "Hiermit prahle ich" (kwa hili najigamba) nayo haipiti, na bado kujigamba ni Illokution (tendo linalofanywa kwa kusema).

Modalpartikeln (vijineno vinavyoonyesha mtazamo wa msemaji) usizitafutie neno moja moja la Kiswahili, utachoka bure. Angalia nafasi: haziwezi kukaa Vorfeld (nafasi ya mwanzo, kabla ya kitenzi). "Das war vielleicht ein Film!" ni mshangao, lakini "Vielleicht war das ein Film" ni "labda" ya kawaida. Kwa kawaida hazibebi mkazo pia, isipokuwa mfano kama onyo "Mach das JA nicht!".

Ukifika kwenye Hausarbeit (kazi ndefu ya kuandika ya chuo), "Höflichkeit im Deutschen" (adabu katika Kijerumani) ni mada ya kukuzamisha, wakati kijineno "denn" katika W-Fragen (maswali ya nani, nini, wapi na kadhalika) inatosha kabisa. Data ipo: korpasi ya FOLK (mazungumzo yaliyorekodiwa) kwenye DGD (hifadhidata ya Kijerumani cha kuzungumza) ya IDS Mannheim (taasisi ya lugha ya Kijerumani), kujisajili ni bure. Chukua mifano kama 40, halafu uchuje: ondoa "denn" ambayo ni kiunganishi, "es sei denn" (isipokuwa), na ile ya watu wa kaskazini yenye maana ya "dann" (kisha, basi). Kumbuka pia umbo fupi lililogandana na kitenzi, kama "was machstn du", ambalo hulioni ukitafuta maandishi ya "denn" tu.

Ukinukuu mazungumzo kwa GAT 2 (mfumo wa alama za kuandika mazungumzo), (.) ni kimya kifupi mno na herufi kubwa ni mkazo. Alama ya mwisho wa kipashio inaonyesha kiimbo tu, sarufi haimo. W-Frage ambayo sauti yake imeshuka hadi chini inaishia na nukta, na ukiweka "?" kwa mazoea umeandika kwamba sauti ilipanda.