Mwalimu, nijalidi sasa nirekebishe baadaye?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili. Tasnifu yangu inahusu lugha ya wapiga debe na makonda wa stendi ya Msamvu, Morogoro. Watahini wamenipitisha kwa sharti la marekebisho madogo, nami nimepewa mwezi mmoja. Msimamizi wangu yuko safarini, tunawasiliana kwa barua pepe tu. Kijana wa steshenari ananishauri nijalidi nakala zote sasa ili niwahi mahafali, kurasa zitakazobadilika atazichomeka baadaye. Tena kuna jambo linaninyima usingizi: mtahini amezungushia neno "make" mara saba ndani ya nukuu za makonda, pembeni ameandika, "Hii ni lugha gani?" Naapa sikuliandika mimi.

Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera. Umefaulu, kilichobaki ni kazi ya mikono na macho.

Nianze na hilo "make", maana nimeshalikuta kwenye tasnifu za wengine ninazozipitia. Makonda wako walisema "mkae". "Mkae watatu watatu," "mkae vizuri jamani." Programu ya kuandikia ikiwa imewekwa Kiingereza, inadhani umekosea neno lake, basi inapanga herufi upya mara tu unapobonyeza kitufe cha nafasi. Haikupigii hata mstari mwekundu, kwa kuwa machoni pake neno sasa liko sawa. Ingia kwenye mipangilio, zima masahihisho ya papo kwa papo, kisha weka Kiswahili kuwa lugha ya waraka wote. Halafu tafuta "make" moja moja. Usiamuru ibadilishe yote kwa mkupuo, itakugeuzia "makelele" kuwa "mkaelele", na stendini makelele hayakosekani. Kila unapolikuta, fungua sauti uliyorekodi, usikilize tena. Nukuu ni sauti ya mtu aliyekuamini, isahihishwe kwa sikio. Mtahini akitaka pia uzisanifishe nukuu zenyewe, usikubali upesi. Mweleze kwa adabu kwamba lugha ya konda ndiyo data yako.

Kuhusu kujalidi: usijalidi. Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka 2007 nilijalidi nakala tano kwa jalada gumu kabla msimamizi hajatia saini. Aliporudi alifungua ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzoni, akakuta watafitiwa 38. Sura ya Tatu ilisema 36. Wawili nilikuwa nimewaondoa baada ya ikisiri kuandikwa, nikasahau kuirudia. Nakala zote tano zilichanwa, nazo nilikuwa nimezilipia kwa fedha za dada yangu. Mahafali yakapita nikiwa nyumbani, na kitenge alichokwisha kushona mama kikakaa sandukuni mwaka mzima.

Huyo kijana ana nia njema, lakini ukurasa haubadiliki peke yake. Ukiongeza aya mbili katika uk. 41, mistari inasukumana hadi mwisho wa sura, namba za yaliyomo zinasema uongo, orodha ya majedwali nayo hivyo hivyo. Na karatasi iliyochomekwa baada ya gundi kukauka huchomoka mtu akifungua mara ya tatu.

Fanya hivi. Chora jedwali la safu tatu: alichosema mtahini, ulichofanya, ukurasa ulipo sasa. Usiruke hoja hata moja, hata ile ya nukta. Palipo na hoja uliyoikataa, andika sababu. Mtumie msimamizi jedwali hilo pamoja na tasnifu. Akiwa safarini atafungua kurasa zilizotajwa tu, hatalazimika kusoma yote upya. Leo hii, kabla hujaihitaji, nenda ofisini kwenu uulize kama saini yake ya kielektroniki inakubalika kwenye ukurasa wa uthibitisho. Wasipoikubali, omba kwa maandishi uongezewe muda, na uombe mapema.

Marejeleo yapitie ukiwa umeyachapa, kalamu mkononi: kila jina lililomo ndani ya sura liwemo mwishoni, na la mwishoni liwemo ndani. Tazama sana miaka. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ilitoka 1981, toleo la pili 2004, na wengi hunukuu ukurasa wa toleo moja wakaorodhesha jingine. Pambizo la kushoto liache pana kama mwongozo wa chuo chenu unavyotaka, kwa sababu jalada hula karatasi upande huo.

Saini zikipatikana, chapa nakala moja kwanza, uifunue karatasi kwa karatasi ukiwa palepale steshenari, kisha ndipo zitolewe nyingine. Na kabla gamba halijapigwa maandishi ya dhahabu, mwandikie fundi jina lako kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, kama lilivyo kwenye cheti chako cha kidato cha nne. Usimtajie kwa simu.