Finya Macho Kwanza: Kwa Wanaoanza Darasa la Rangi

Katikati ya chumba kuna meza. Juu yake wamekuwekea birika la chai, malimau mawili na kipande cha marekani kilichokunjwakunjwa, na wanafunzi wenzako wanane au kumi wameizunguka na mbao zao. Mgeni hukaa, huliangalia limau, huona njano, hufungua tyubu ya njano. Saa moja baadaye ana duara bapa la njano lisilofanana na tunda lolote. Amepaka jina la rangi. Mwanga hakuupaka.

Kwa hiyo wiki tatu za kwanza usihangaike na rangi. Finya macho mpaka kope zikaribie kugusana: nyuzi na mishono ya kitambaa itapotea, yatabaki mabaka matatu, yenye mwanga, ya katikati na yenye giza. Yachore mabaka hayo kwa penseli laini (4B inafaa) katika kisanduku kisichozidi ukubwa wa karata ya kuchezea. Tumia dakika tano, usizidishe. Fanya vitatu, kila kimoja umesogea hatua moja kushoto au kulia, kisha chagua kimoja cha kupaka. Ukiwa na wasiwasi, piga picha meza kwa simu na uiondoe rangi. Hapo ndipo watu hushtuka, kwa sababu upande wa kivuli wa birika jeupe mara nyingi una giza kuliko limau lililo kwenye mwanga. Akili inasema "hiki ni cheupe" na mkono unatii. Ubishie.

Kupima nako kunafundishika kwa siku moja. Nyoosha mkono, kiwiko kisikunjike hata kidogo, fumba jicho moja, weka ncha ya penseli kwenye kifuniko cha birika na kidole gumba kwenye kitako. Sasa ilaze penseli: upana unaingia mara ngapi katika urefu huo? Kiwiko kikilegea, kila kipimo kinakuwa cha mtu mwingine. Kosa linalorudi kila muhula ni mdomo wa kikombe. Watu huuchora ukiwa na pembe kali kama jicho, halafu kitako wanakipiga mstari ulionyooka. Mdomo wa kikombe hauna pembe popote, na kitako, kwa kuwa kiko chini zaidi ya usawa wa jicho lako, kinapinda zaidi ya mdomo.

Sasa rangi. Kwa anayeanza tunashauri akriliki, kwa kuwa ikiwa mbichi inaoshwa kwa maji na haina harufu ya kuwaumiza wenzako chumbani. Usinunue seti ya tyubu 24. Zinatosha sita: nyeupe ya titani, njano ya limau, nyekundu, bluu ya ultramarini, njano ya ocha na kahawia ya amba. Nyeupe iwe kubwa angalau mara mbili ya nyingine, maana ndiyo inayoisha kwanza. Nyeusi iache dukani kwa sasa. Ultramarini na amba zikichanganywa karibu nusu kwa nusu hutoa giza zito ambalo unaweza kulielekeza kwenye ubaridi kwa kuongeza bluu, au kwenye joto kwa kuongeza kahawia. Nyeusi ya tyubu haikupi nafasi hiyo, na ukiitia kwenye njano ili kupata kivuli cha limau, limau linageuka kijani. Kivuli hicho kipate kwa njano ya ocha na chembe ya amba, na ukitaka kukipoza, ongeza zambarau kidogo sana.

Ukichanganya, anza na rangi dhaifu. Kijani kinaanza na njano, ndipo unaleta bluu kwa ncha ya brashi. Ukianzia kwenye bluu utamwaga nusu tyubu ya njano bila kufika. Na zambarau ikikutokea ya matope, kosa si la mkono wako. Nyekundu inayoelekea machungwa ina njano ndani yake, na njano huiua zambarau. Kwa zambarau safi tafuta nyekundu inayoelekea waridi, majenta kwa mfano.

Akriliki ina tabia mbili zinazowachanganya wageni. Inakauka ikiwa nyeusi kidogo kuliko ulivyoipaka, kwa sababu gundi iliyomo ni nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi na huwa angavu kama kioo ikikauka. Basi changanya iwe na mwanga nusu ngazi zaidi ya unayoitaka, jaribu pembeni, subiri, linganisha. Tabia ya pili ni kwamba ikikauka haifufuki kwa maji. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, chini ya feni, tabaka jembamba linaweza kukauka kabla hujamaliza kuchanganya rangi ya pili. Kaa mbali na feni. Tandika kwenye kontena bapa lenye kifuniko kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, juu yake karatasi ya kuokea, na uweke rangi hapo. Ukifunika, rangi inaweza kufika hata kesho. Usijaribu kuirudishia uhai kwa kumwaga maji, kwani maji mengi yanaipunguza gundi na rangi inabaki kama chaki.

Hapo hapo kuna onyo kwa walio karibu na wachoraji wa Tingatinga. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kazi yake Dar es Salaam mwaka 1968, mtindo huo umejengwa juu ya rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya makopo, iliyopakwa kwenye hadibodi. Ni njia yenye heshima na ina sheria zake: tandiko la nyuma kwanza, likauke, ndipo wanyama, ndipo madoa. Lakini usichanganye njia mbili kwenye ubao mmoja. Akriliki juu ya rangi ya mafuta haishiki, na baada ya muda hubanduka kama ngozi ya kitunguu.

Brashi tatu zinatosha: pana ya bapa ya inchi moja, bapa ya kati, na ya duara ndogo, zote za nailoni. Anza na ile pana na ukae nayo theluthi mbili za muda wako. Anayeanza na brashi ndogo humaliza madoido ya birika kabla hajajua birika liko wapi. Brashi isilale ndani ya kopo la maji, nywele zinapinda na gundi ya shingoni inalegea. Ioshe kwa sabuni ya kipande, uisugue kiganjani mpaka povu litoke jeupe, inyooshe kwa vidole, ilaze.

Ubao wa mazoezi: hadibodi ya sentimita 30 kwa 40, tabaka mbili za jeso (rangi nyeupe ya kutandika ubao kabla ya kupaka), la kwanza kwa wima na la pili kwa ulalo, msasa mwepesi kati ya tabaka hizo.

Linalobaki ni wenzako, na hao ndio sababu ya kulipia darasa badala ya kukaa nyumbani na video. Watu kumi mbele ya birika moja ni majibu kumi ya swali moja. Kila baada ya dakika 40 hivi, wote waweke brashi chini na kuzunguka. Simama hatua tatu nyuma ya ubao wa mwenzako, finya macho, jiulize jicho lako limekwenda wapi kwanza. Kisha urudi kwako na ufanye vivyo hivyo, ukiwa umesimama. Aliyekaa saa nzima haoni kitu.

Kusema kuna adabu yake. Madarasa yetu huchanganya kijana wa chuo na mzee aliyestaafu, na kijana huona vibaya kumwambia mzee kwamba kivuli chake kimekosea. Uliza badala ya kuhukumu: "Mzee, mwanga hapa unatoka upande gani?" Atautafuta, na mara nyingi ataliona kosa mwenyewe. Taja sehemu moja tu, na usiguse ubao wa mtu kwa kidole wala brashi hata akikuomba. Onyesha kwenye karatasi ya pembeni.

Mtakapofika hatua ya kuchorana sura, wengi watachukua kahawia, watatia nyeupe kupata mwanga na nyeusi kupata kivuli. Sura inatoka ya majivu. Ngozi nyeusi iliyo karibu na dirisha hurudisha rangi ya anga, kwa hiyo pale paji linapong'aa kuna bluu iliyopauka, wala si kahawia iliyotiwa maziwa. Chini ya taa ya njano, mng'ao huo huo unaelekea machungwa. Kwa kivuli tumia ultramarini na amba, na karibu na masikio na pua ongeza nyekundu kidogo. Changanya milima mitatu ya rangi, ya mwanga, ya kati na ya kivuli, kabla ya kugusa ubao, na uisogeze karibu na uso wa anayechorwa ulinganishe kwa macho yaliyofinywa.

Anayekaa akae dakika 20 na apumzike tano. Kabla hajainuka, bandikeni tepu ya karatasi sakafuni kuzunguka miguu yake na miguu ya kiti, na mchagulieni doa ukutani la kutazama. Akirudi, miguu irudi kwenye tepu na macho kwenye doa, kisha mwenye kiti cha mbali zaidi aseme kama bega limerudi mahali pake.