Kipimo cha pap kilikuwa safi, sasa kansa iko kwenye ini

SWALI: Shikamoo dokta. Dada yangu ana miaka 38, alikuwa anatokwa damu kila baada ya tendo la ndoa tukadhani ni homoni tu, maana kipimo cha pap cha mwaka jana kilitoka safi. Juzi wamekata kinyama, majibu yanasema kansa ya mlango wa kizazi ya seli ndogo, nyuroendokrini, na CT skani imeonyesha madoa kwenye ini. Aliyempima mwaka jana alikosea? Na mbona wanasema wanarudia kuangalia kinyama wakati kansa wameshaiona?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Huenda hakuna aliyekosea. Kipimo cha pap kinakwangua seli za juu na kiko vizuri kukamata zile kansa zinazochukua miaka kujijenga, hii ya dada, nyuroendokrini, yaani ya seli zinazofanana na za neva na za kutengeneza homoni, ni adimu, haifiki hata 3 kati ya kansa 100 za mlango wa kizazi, inakua haraka mno na pap inaikosa mara nyingi. Ndiyo maana damu baada ya tendo inataka mtu aangaliwe mlango wenyewe kwa macho, hata kama pap ni safi, hilo nalirudia kila siku.

Kurudia kuangalia kinyama msikatae kabisa! Chini ya darubini hizi seli ni ndogo, zimebanana, kiini cheusi kimejaa karibu seli nzima, na zinaweza kufanana na kansa nyingine, kwa hiyo maabara wanaziwekea rangi maalumu (kwenye karatasi mtaona sinaptofizini, kromogranini, CD56) kuhakikisha jina. Jina likibadilika na dawa zinabadilika. Hii ikishafika kwenye ini ni hatua ya 4, kwa kawaida hawaanzi na upasuaji, wanaanza na kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa, mara nyingi sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposidi, kama kansa ya seli ndogo ya mapafu. Kifua nacho lazima kipigwe picha, na kama kichwa kinamuuma au anaona maluweluwe semeni mapema, ubongo uangaliwe.

Sitakudanganya, kupona kabisa hapa ni kugumu, ila kemo inaweza kuipunguza na kumpa nafuu. Ulizeni majibu ya rangi yanatoka siku gani na kemo inaanza lini, maana wiki kadhaa za kusubiri kwa kansa hii ni nyingi, na dawa ya maumivu aombe leo, asingoje kemo.