Jibu: Kiko kinachochoma ulimi, na kazi ya kuuza tumbaku
Ndugu, umeuliza kwa nini kiko chako huchoma ulimi, na kama mtu wa Kisumu anaweza kujifunza kazi ya kuchanganya na kuuza tumbaku. Mara nyingi chanzo ni tumbaku yenye unyevu mwingi inayovutwa kwa haraka. Ianike kidogo hadi, ukiiminya kwa vidole, ifumuke taratibu bila kushikamana. Kuhusu kazi, anzia kwa wakulima wa Migori, ujifunze kutofautisha aina mbili za tumbaku: Virginia, inayokaushwa kwa joto bandani na kubaki na sukari nyingi, na Burley ya kukaushwa kwa hewa, ambayo sukari yake karibu yote huisha. Latakia, aina nyingine inayokaushwa kwa moshi, isubiri. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18, nami naiunga mkono kwa dhati, kwani kiko hudhuru hata moshi usipovutwa hadi mapafuni.