Kikoba kimenifunga mdomo

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kwenye kikao cha kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nilisema mweka hazina amekopa mara mbili bila wadhamini. Nimepigwa faini ya 20,000 kwa "kuchafua jina", na hisa zangu zimezuiwa. Sina haki ya kusema?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haki unayo. Ibara ya 18 ya Katiba ya nchi inakupa uhuru wa kutoa maoni. Hela uliyoipata ukikimbia kuanua dagaa mvua ikitoka ziwani, leo uambiwe unyamaze? Hapana, hilo silikubali.

Ila mpaka upo. "Amekopa bila wadhamini" linaonekana daftarini. "Ni mwizi" ni neno jingine kabisa, na usipolithibitisha unaweza kushtakiwa kwa kashfa. Wewe ulisema la kwanza, basi omba daftari lifunguliwe mbele ya wote, siku ileile wenye funguo tatu za sanduku la fedha la kikundi wapo.

Soma na katiba ya kikundi. Faini hiyo kama haimo, usilipe. Hisa zidai kwa barua, ubaki na nakala. Wakigoma, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka vikundi hivi visajiliwe, muulize kama chenu kimesajiliwa.